Senta mchanga wa kikapu: ungechukua Maluach au Queen? Na Thabeet tumuweke wapi?

kocha_wa_kondele:
Wadau habari za jioni. Najua drafti ya NBA ya 2025, ule usiku timu zinachagua vijana kwa zamu, ilishapita, Khaman Maluach akaenda namba 10 akaishia Phoenix, Derik Queen namba 13 akaishia New Orleans, lakini nataka turudi usiku ule kama sisi ndio tunachagua, na yale waliyofanya baadaye tuyaweke kando. Sababu ni kwamba niko na kijana hapa Kisumu, miaka 16, amefika mita 1.98 na bado anarefuka, na kila anayepita uwanjani anaona urefu tu. Juzi kuna mtu alikuja akasema anatafuta vipaji, akatoa futi, akampima kutoka chini mpaka kichwani, akampima mikono, akaandika kwa kitabu, akaenda. Hakungoja hata dakika moja amwone akicheza. Iliniuma sana. Sasa nyinyi mkimtazama senta mchanga, yule mrefu wa kucheza chini ya rimu, mnaangalia nini?

nyalenda_kikapu:
Mimi ni Maluach, sihitaji kufikiria mara mbili. Mita 2.18, mikono akiitandaza inafika kama mita 2.30. Kijana wa Rumbek aliyekulia Uganda, akapitia akademi ya NBA kule Senegal, na akiwa na miaka 17 tu alikuwa Olimpiki ya Paris na Sudan Kusini. Pale chuo cha Duke alikuwa anapata dakika 21 hivi kwa mechi na bado alikuwa anafunga zaidi ya asilimia 70 ya mashuti yake, maana anajua kazi yake, anaweka skrini, yaani anasimama kumzuia beki ili mwenzake apite, anakimbilia rimu, anapokea mpira huko juu anamaliza. Mtu ambaye amejifunza haraka hivyo ataendelea kujifunza.

mwana_nakuru:
Nyalenda nakuheshimu lakini hapo umeelezea mtu anayengoja apewe mpira. Queen anautafuta mwenyewe. Msimu wake mmoja chuo cha Maryland alikuwa na pointi 16.5 na ribaundi 9, anapiga chenga kama gadi, wale wafupi wanaoongoza mpira, anapasi vizuri akiwa katikati ya watu. Mliona ile mechi ya Machi ya mashindano ya vyuo na Colorado State? Wako nyuma kwa moja, sekunde zinaisha, kila mtu anajua mpira ni wake, akaingia kushoto akaugonga kwa bodi, 72-71. Hiyo huwezi kumfundisha mtu. Na msisahau Jokić, senta wa Denver aliyekuja kuwa MVP, aliachwa mpaka namba 41 mwaka 2014 kwa sababu watu walikuwa wanatazama nani anaruka.

mama_timu_kakamega:
Kocha asante kwa kuuliza hili swali, na mimi nitalijibu kwa jina moja, Hasheem Thabeet. Jirani yetu wa Dar, mita 2.21, namba 2 kwa drafti ya 2009. Baada yake ndio James Harden namba 3, halafu Stephen Curry namba 7. Chuoni UConn alikuwa anazuia zaidi ya mashuti manne kila mechi na sisi wote Afrika Mashariki tulikuwa tunajivunia kama ni wetu wa nyumbani. Lakini zile bloku zilikuwa zinaficha mambo, mpira ulikuwa unamponyoka mikononi, miguu ilikuwa inachelewa, na wakubwa wa NBA walikuwa wanamsukuma anatoka mahali pake, msimu wa kwanza haujaisha Memphis wakampeleka ligi ya chini. Sisemi ni makosa yake, alianza mpira akiwa kama miaka 15, ni waliomchagua hawakutazama chini ya mabega. Ndio maana mtu akinianzia na mita ngapi, mimi naogopa.

nyalenda_kikapu:
Mama hapo nakubali kiasi. Ila angalia mitupo huru, Maluach alikuwa asilimia 76 na kitu, sawasawa tu na huyo Queen mnayesema ana mikono. Thabeet hakuwahi kuwa na mkono huo. Mtupo huru unakuambia kama mkono ni mlaini, na mkono mlaini unaweza kuujengea.

kocha_wa_kondele:
Sawa, sasa wacha niseme lililonisumbua. Ile nusu fainali ya vyuo ya Aprili 2025 Duke na Houston, niliamka saa kumi alfajiri kuitazama. Duke walikuwa mbele kwa pointi 14 kipindi cha pili wakapoteza 70-67, na Maluach, mita 2.18, hakushika ribaundi hata moja. Sifuri. Nikairudia video mara nyingi nikisimamisha. Shuti likitoka yeye macho yote juu kwa mpira, mikono juu, anangoja ushuke, na jamaa wa Houston mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima ameshaingiza makalio chini ya mapaja yake, anamsogeza hatua moja nyuma, hatua mbili, mpira ukishuka yuko nje ya kazi. Hajaruka hata. Hiyo ni kiuno na miguu, urefu hauingii hapo.

mwana_nakuru:
Na bado ungemchukua?

mama_timu_kakamega:
Kocha usisahau siku hiyo hiyo ya mechi Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini. Mtoto wa miaka 18 aingie uwanjani na hilo kichwani. Mechi moja nisingeihukumu hivyo.

kocha_wa_kondele:
Ni kweli mama, na hilo limenifanya nirudi nitazame mechi zake zingine.

@mwana_nakuru ndio, ningemchukua. Kwa sababu kosa lake linafundishika, kumweka mtu mgongoni kwanza ndio utafute mpira ni kazi ya kila jioni, baada ya miaka miwili inakuwa tabia. Queen mpira anaujua kuliko yeye leo, hata sibishani. Lakini alipopimwa kuruka alikuwa kati ya wa chini kabisa, ni mfupi kwa senta, kwa hiyo ukimweka chini ya rimu lazima umtafutie mtu wa kumlinda. New Orleans walitoa mpaka chaguo lao la drafti ya 2026 bila kinga yoyote kumpata, yaani hata likiangukia namba ya juu kabisa limeenda. Kwa timu isiyo na senta mimi siwezi kulipa hivyo.

mwana_nakuru:
Bei hiyo hata mimi ilinishtua, siifichi. Queen nabaki naye, chaguo la 2026 singetoa.

nyalenda_kikapu:
Kocha na huyo kijana wako sasa unamfanyia nini?

kocha_wa_kondele:
Nimemnyima kuruka wiki tatu. Kila jioni dakika ishirini za kwanza hakuna kushika mpira, shuti likipigwa anamtafuta mtu, anamgusa na mkono, anageuka, anakaa chini, anamshikilia mpaka mpira udunde mara mbili kwa simiti. Halafu namrushia mipira ya tenisi, mkono wa kushoto peke yake. Mwanzoni ilikuwa inamponyoka yote, jana ameshika saba kwa kumi. Shida iliyobaki ni viatu. Jumapili nimezunguka soko la Kibuye kutoka asubuhi mpaka mchana, kwa mitumba yote kubwa ilikuwa 46 na yeye ni 48. Anafanyia mazoezi kwa raba zilizokatwa mbele, vidole viko nje, na hapo ndio namwambia akae chini asukume.

mama_timu_kakamega:
48? Kaka yangu mdogo alikuwa anacheza chuo, ziko mbili chini ya kitanda chake hazijachoka sana. Nakuja Kisumu Jumamosi, niambie tu mnaanza saa ngapi.

kocha_wa_kondele:
Saa kumi mama. Ubarikiwe. Sitamwambia kitu mpaka ufike.