Tabo au supachaja kwa gari la kila siku: hapa Visiwani ipi inafaa?

Mleta mada, Chuini

Asalaam alaykum wana jamvi. Suala hili linagombaniwa barazani kila siku na kila mtu ana upande wake, basi tulilete hapa tulijadili kwa utulivu. Mtu anataka gari moja tu: asubuhi apeleke watoto skuli, aende kazini, Ijumaa aende shamba kwa wazee. Hataki mashindano. Anataka gari lililozidi nguvu kidogo kuliko hizi za injini ya cc 1500 tulizozizoea. Achukue lenye tabo au lenye supachaja?

Kwa wasiozijua, zote mbili kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuivuta yenyewe, ili ichome mafuta mengi zaidi kwa mpigo mmoja. Tofauti ni nani anayeizungusha hiyo pampu ya hewa. Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenda egzosi. Supachaja inazungushwa na mkanda uliofungwa kwenye krenki, shafti kuu ya injini yenyewe. Ugomvi wote unatoka hapo.

Msimamo wangu nauweka wazi: chukua tabo ndogo, iliyotoka na gari kiwandani. Karibu theluthi ya nguvu iliyomo kwenye petroli inaondoka na moshi na kupotea. Tabo inaokota kwenye kile kinachotupwa. Supachaja inaikopa injini kwanza, ndipo iilipe.

Chukueni safari ya asubuhi kutoka Chuini kuja Mjini. Ukifika Bububu foleni imeshaanza, daladala iliyo mbele yako inasimama kila kituo, wewe ni gia ya kwanza, ya pili, breki, ya kwanza tena. Mguu wako mwepesi, moshi mdogo, tabo imepumzika, na gari linakunywa kama injini ndogo yoyote. Supachaja mkanda wake unazunguka tu, foleni isiwe foleni. Hata zile zenye vali ya kupitishia hewa pembeni, mzigo haujaondoka wote. Jioni unatoka Tunguu unaelekea Paje, barabara imefunguka, mbele yako lori la mchanga. Unakanyaga, tabo inaamka, umeshapita. Nguvu umeipata pale ulipoihitaji.

Watasema tabo inakawia. Ni kweli, moshi lazima uongezeke kwanza ndipo izunguke vya kutosha. Lakini tabo ndogo za siku hizi zinaanza kusukuma injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, si kama zile za miaka ya 1970 ambazo ulikuwa ukikanyaga na kungoja.

Jambo jengine, maana najua litakuja. Watu wa bara wana sababu ya ziada ya kupenda tabo. Ukiwa Mbeya au Nairobi uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida inapoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Unguja nzima hakuna pahala panapofika mita 200. Sisi hewa kamili tunaipata bure, kwa hivyo hoja hiyo tuiwache huko huko. Hapa tuzungumzie petroli, joto na mafundi.

Fundi, Amani

Wa alaykum salaam. Kaka, umesema vizuri lakini umeruka pale panapouma. Magari ya tabo yanayoletwa kwangu, mengi tabo yake haikuwa na kosa. Yameuliwa na oili.

Shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na zile ndogo zinapita 200,000. Nyingi hazina gololi, shafti inaelea juu ya utando wa oili ya injini. Upande mmoja inapita hewa ya kawaida, upande wa pili moshi wa zaidi ya nyuzi 800. Oili ikichelewa kufika, ikichafuka au ikiungua, chuma kinagusa chuma.

Sasa angalieni tunavyoendesha. Mtu anatoka Nungwi mbio, anafika mlangoni kwake, anazima hapo hapo. Pampu ya oili imesimama, shafti bado ina moto, oili iliyobakia ndani inaungua na kushikamana na chuma. Afanye hivyo kila siku na njia ya oili inaziba. Dakika za mwisho angeendesha polepole, au angeiwacha injini ingurume dakika moja ndipo azime. Tabo zenye njia ya maji zinavumilia zaidi, lakini nazo zina mwisho wake.

Gari la tabo likija linatoa moshi wa buluu, kitu cha kwanza navua hosi ya hewa, naingiza vidole, naikamata shafti. Ikicheza kidogo pembeni si neno, hiyo ni nafasi ya oili. Ikicheza mbele na nyuma, au mabawa yanayosukuma hewa yameanza kukwaruza ukuta wake, imekwisha. Hivi karibuni nimevua moja, mabawa yamelowa, ncha zimelika kama zimetafunwa, na nilipofungua kifuniko cha oili juu ya injini ndani kumejaa tope jeusi. Hiyo si ya kulaumu tabo.

Supachaja kwa hili ni afadhali, lazima nikiri. Nyingi zina oili yake ndani, hazigawani na injini, na moto wa egzosi hauzifikii. Umezima, umezima. Lakini beringi yake ikianza kulia, hapa kisiwani ni shida kumpata wa kukuuzia kipande chake. Tabo ya mtumba ya Subaru au ya Prado ukipiga simu Kariakoo asubuhi, jioni ipo kwenye boti.

Mchangiaji, Wete

Nyie watu wa Unguja mnazungumza kama Visiwa ni barabara ya Bububu peke yake.

Mie natumia kirikuu, Subaru Sambar yenye supachaja, injini ya 660, mashine iko nyuma. Napakia ndizi, mihogo, na msimu ukiingia magunia ya karafuu. Njooni mwendeshe barabara ya zamani ya Chake kwenda Wete. Kilima, kona, kilima. Unafika kwenye kona mwendo umekufa, unageuza, na mpando unaanzia hapo hapo. Pale unataka nguvu kwenye mizunguko ya chini kabisa, wakati ule ule unaokanyaga. Kijinjini cha 660 chenye tabo kitangoja moshi, na moshi ni mdogo kwa sababu injini ni ndogo na mwendo ni mdogo, na wewe uko katikati ya kona na magunia nyuma.

Subaru hawakuweka supachaja kwenye gari la mzigo kwa mapambo. Waliendelea nayo mpaka walipowacha kuitengeneza Sambar yao wenyewe 2012. Kwa hivyo swali la mleta mada limekosa nusu: gari la kila siku la nani, na linabeba nini?

Mchangiaji, Kisauni

Samahanini, mie naona mnabishana juu ya vitu viwili ambavyo mtu wa kawaida havihitaji hata kimoja. Napeleka watoto skuli, naenda kazini, narudi kwa kupitia sokoni Mwanakwerekwe. Injini ya 1800 isiyo na tabo wala supachaja inanitosha, kiyoyozi kimewashwa na watu watano ndani. Kila mwezi ZURA wanatangaza bei ya petroli, na kila mwezi nafanya hesabu upya. Hizo nguvu za ziada nitazitumia wapi, ikiwa kila baada ya hatua chache kuna tuta?

Mleta mada, Chuini

Dada, hoja yako ni nzito na wala sikupingi kwa matumizi yako. Ila hesabu ya petroli ndiyo hasa inayonipeleka kwenye tabo. Injini ya 1200 yenye tabo inaweza kutoa nguvu ya hiyo 1800 yako inapohitajika, na kwenye foleni ikabaki kuwa 1200. Sharti lake ni mguu. Ukiikanyaga muda wote inakunywa kama kubwa, pengine zaidi. Anayependa kukanyaga asinunue tabo kwa kutafuta nafuu ya mafuta, hataipata.

Mchangiaji, Michenzani

Wakuu, mie nina Toyota IST ya 1500. Kuna seti nzima ya tabo inauzwa Dubai na nina mtu wa kuniletea. Fundi, ukinifungia na ukaweka msukumo mdogo tu, nusu ya ba (kipimo cha presha), kuna ubaya gani?

Fundi, Amani

Mdogo wangu, pesa hiyo iweke. Injini ya IST yako, hiyo 1NZ, inaibana hewa mara 10.5 tangu kiwandani. Imepigiwa hesabu hiyo kwa hewa inayoivuta yenyewe. Ukiongeza nusu ya ba, ndani inaingia karibu nusu tena ya hewa, na hewa yenyewe imeshapata moto kwa kusukumwa. Ukiibana mara 10.5 hiyo, mafuta yanajiripua yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Utasikia injini inagonga kama mtu anayepiga msumari. Ukiendelea, ringi zinavunjika au pistoni inatoboka. Injini za petroli zilizozaliwa na tabo enzi za IST yako zinabana mara 8 au 9 tu, kwa sababu hii hii.

Kuifanya sawasawa unataka nozeli kubwa, pampu ya mafuta, kompyuta ya injini ipangwe upya na mtu anayejua, intakula ya kuipoza hewa iliyosukumwa, na njia ya oili ya kwenda na kurudi. Hapo umeshatumia pesa ya kuongezea ukapata gari lenye tabo yake. Na hapa kwetu intakula ina adui mwengine, hewa ya chumvi. Ukikaa pwani, zile fini nyembamba za alumini zinageuka unga mweupe, hewa haipoi tena. Ioshe kwa maji matamu mara kwa mara, ya kawaida, si ya presha kali yatakayozikunja.

Mchangiaji, Mazizini

Naomba niseme na mie kwa upande wa supachaja, maana naona imeachiwa Mpemba peke yake. Naendesha Mercedes C200 Kompressor, ya 1800. Mguu ukigusa tu gari linaitika, kwenye mzunguko wa barabara, kwenye kutoka kituoni, pahala popote. Hakuna kungoja na hakuna mshtuko wa nguvu kuja kwa pamoja. Kwa mtu wa makamo kama mie hilo lina thamani kuliko lita moja ya petroli. Na jambo lenyewe si geni, Mercedes walionesha magari yao ya kwanza ya supachaja Berlin 1921, tabo kwenye magari madogo ya kuuzwa kwa watu ikaja 1962 kule Marekani.

Mleta mada, Chuini

Mzee wangu, hapo kwenye ulaini wa kuendesha sina la kukujibu, supachaja inashinda. Lakini angalia hao hao Mercedes. Karibu mwaka 2010 injini hiyo hiyo ya 1800 wakaivua supachaja wakaifunga tabo. Audi waliweka supachaja kwenye V6 yao ya lita 3 mwaka 2008, ilipofika 2016 nao wakahamia tabo. Wangekuwa wanaona faida wasingeiwacha.

Mchangiaji, Mazizini

Waliiwacha kwa sababu Ulaya kuna sheria za moshi na vipimo vya maabara ambavyo gari lazima lipite. Sheria hizo hazinifikii Mazizini. Wao walikuwa wanatafuta alama kwenye mtihani, mie natafuta gari la kuendesha.

Mleta mada, Chuini

Mtihani wao, petroli yangu. Kilichopimwa maabara ni mafuta yanayoungua, na mafuta hayo hapa nanunua mimi.

Lakini ndugu wa Wete amenibana kweli kweli. Gari la mzigo, injini ndogo, vilima vya Pemba: hapo ningekuwa mie ningechukua supachaja vilevile. Msimamo wangu unabaki kwa gari la abiria, la Unguja, la mtu anayebadilisha oili kwa wakati. Asiyeweza kuahidi oili kila kilomita 5,000 amsikilize dada wa Kisauni.

Sheikh wa Wete, swali moja nililotaka kukuuliza: mkanda wa supachaja ukikatika huko unaupata wapi?

Mchangiaji, Wete

Sisubiri ukatike. Ninao wa akiba nyuma ya kiti, na nikiufunga huo naagiza mwengine siku hiyo hiyo, unakuja na meli mpaka Mkoani. Mkanda si tabu, unasoma namba ubavuni mwake unampa mwenye duka. Ninachokiogopa ni alichosema fundi, beringi. Yangu bado haijalia. Fundi, ikianza, nikikuletea supachaja yenyewe Amani utaifungua, au utanambia nitafute injini nzima?

Fundi, Amani

Lete. Beringi ina namba kama mkanda ulivyo, na zikiwa za saizi ya kawaida nitazitafuta kwenye maduka ya beringi, hata za mota ya pampu ya maji. Lakini uilete ikianza kulia tu, usiingoje mpaka mabawa yagusane. Yakishagusana hakuna namba ya kusoma.