Nimerudia katuni ya utotoni, kumbe mtafsiri wa banda la video aliruka kitu. Nimfuate nimuulize?

Mla Furu (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu kidogo, mtanivumilia.

Nina binti wa miaka 7, yuko darasa la pili. Wiki mbili sasa ananisumbua anataka kuona The Lion King, ile katuni ya 1994, maana wenzake shuleni wanaiigiza kila mapumziko. Kuna mmoja ndiye Simba, mwingine Pumbaa, yeye kapewa fisi na wala hajui fisi wanafanya nini humo. Nikaitafuta, nikaiweka kwenye flashi, nikasema kabla sijamwekea niipitie mwenyewe usiku. Nilidhani ni kupitia tu. Sisi wa Kirumba, Mwanza, miaka ile hiyo filamu tuliiona ni ya kwetu kabisa. Mimi nilikuwa naamini lile jabali wanalokaa simba wa humo liko Capri Point, upande ambao hatujawahi kufika.

Niliiona mara ya kwanza 1997 kwenye banda umiza. Kiingilio shilingi 50, mabenchi ya mbao, jenereta nje, mtafsiri amekaa pembeni ya televisheni na maiki yake. Nimeiona labda mara kumi. Niliijua kwa moyo.

Sasa kabla sijafika kwenye swali, lazima niseme hili. Baba yangu alikuwa kwenye meli ile ya tarehe 21 Mei 1996. Watu wa Mwanza hamna haja ya kuambiwa meli gani; kwa wengine, ni MV Bukoba, iliyozama ziwani. Amelala Igoma pamoja na wenzake. Nilikuwa na miaka 8. Alipokuwa anaondoka kwenda Bukoba nilimng'ang'ania aniletee senene. Alitakiwa arudi siku chache kabla, akachelewa. Kwa nini alichelewa hakuna aliyewahi kuniambia, lakini mimi kichwani nilikuwa na jibu langu: anatafuta senene. Sikumwambia mtu. Hata mama yangu hajui mpaka leo.

Baada ya msiba nilikwenda kukaa kwa baba mdogo, na ndiye aliyekuwa ananipeleka bandani Jumapili. Mtafsiri yule alikuwa moto. Mufasa, baba yake Simba, alimpa sauti ya mzee wa Kisukuma asiye na haraka, fisi aliwafanya wapiga debe wa stendi. Pale Mufasa anapokufa bondeni kwenye mbio za nyumbu na yule mdogo wake, Scar, anamkuta mtoto amejilaza chini ya mkono wa baba yake, mtafsiri alikuwa anasema hivi: "Kimbia mwanangu, hapa pana hatari. Nenda mbali, ukikua utarudi." Basi. Miaka yote hiyo nimeamini ndivyo Scar alivyosema. Nilimwona mbaya, ila nilimpa hiyo moja, kwamba angalau mtoto alimtorosha.

Juzi usiku nimesikiliza Kiingereza chake. Anamwambia mtoto: umefanya nini? Mfalme amekufa, na kama si wewe angekuwa hai. Mama yako atasemaje?

Nikasimamisha. Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe la uani. Mke wangu akadhani umeme umekatika.

Naomba ushauri wenu. Kwanza mtoto: nimwekee kama ilivyo, nimrushie kile kipande, au nimwambie asubiri? Pili, na ndilo linaloninyima usingizi, mtafsiri yule yupo hai. Anauza dagaa Mwaloni, namwona mara kwa mara, tunasalimiana. Bandani kwake watu wote walijua nani kafiwa kwenye ile meli, na mabenchi ya mbele tulikuwa watoto wanne. Nahisi aliliacha lile neno makusudi kwa ajili yetu. Nimfuate nimuulize, au mambo mengine yaachwe yalivyo?

Jiwe Juu ya Jiwe:

Pole sana mkuu. Hiyo ya senene imenimaliza. Mfuate, mshukuru, mnunulie hata soda. Watu kama hao wanaondoka bila kuambiwa.

Sangara Mkavu:

Pole kiongozi. Sasa mimi nitasema lisilopendeza. Nimeshika jenereta kwenye banda la Mabatini miaka mitatu, watafsiri nawajua mmoja mmoja. Nusu yao Kiingereza kilikuwa cha "yes" na "no". Kanda ikifika jioni anaitazama mara moja, anashika picha, hadithi anaitunga mwenyewe. Za Kichina je, mlidhani alisomea Kichina? Ule wimbo wa kufungulia hiyo katuni ni Kizulu, kaimba Lebo M wa Afrika Kusini, maneno yake yanasema simba anakuja. Wa kwetu alituambia hao ni wazee wanaita mvua, na banda zima tukakubali.

Kwa hiyo huyo mzee huenda hakukuficha kitu. Hakukisikia tu. Ukienda na machozi yako utampa kazi ya kukumbuka huruma ambayo hakuwa nayo, na yeye kwa heshima atakubali. Utarudi na uongo.

Dagaa Mchele:

Mtu mzima na ndevu unasimamisha katuni unakwenda kulia juani 😂

Jiwe Juu ya Jiwe:

Dagaa Mchele ilikuwa usiku. Hata kusoma hujasoma.

Bibi wa Nansio:

Mwanangu Mla Furu, mimi nimefundisha madarasa ya chini miaka 26, nipo Ukerewe, nimestaafu. Nikujibu la mtoto, hilo la mzee mtayamaliza wanaume.

Usiruke. Mtoto wa miaka 7 akiona umeruka atajua palikuwa na kitu, na wenzake shuleni watamsimulia vibaya zaidi. Mwekee mchana, si wakati wa kulala. Kaa naye mkeka mmoja, mle kitu. Baba wa Simba akifa usimwahi kumwambia "ni katuni tu", muache kwanza atazame. Akikuuliza swali jibu hilo hilo aliloliuliza, usimwongezee la kwako.

Na nisamehe kwa hili: binti yako baba yake yupo, anamwona kila jioni. Msiba si wake, ni wako. Usimbebeshe kwa kumwangalia usoni kila dakika uone kama analia.

Ile mpya ya 2019 mimi sikuipenda kwa watoto. Wanyama wametengenezwa kama wa kweli, nyuso hazionyeshi uchungu, mtoto anashindwa kujua nani anaumia. Hii ya zamani simba akihuzunika unaona.

Mpiga Kasia:

Bibi amemaliza. Ila mimi nina swali la kiufundi kwa mwanzisha uzi. Mwisho wa filamu pale jabalini, Scar anamlazimisha Simba akiri mbele ya wote kwamba yeye ndiye chanzo cha kifo cha baba yake. Halafu anamnong'oneza ukweli kwamba yeye Scar ndiye aliyemuua. Ugomvi wote unasimama hapo. Sasa kama mtafsiri wako alitoa lile neno la bondeni, pale mwisho walikuwa wanagombania nini?

Mla Furu:

Mpiga Kasia, shamba 😄

Wallahi. Kwetu ilikuwa kesi ya mirathi mwanzo mwisho. Simba anapanda jabalini anasema, "Baba mdogo, nirudishie shamba la marehemu." Scar anajibu, "Hati unayo?" Banda linalipuka. Kuna siku watu waligeuka wote wakamtazama baba mdogo wangu, wanacheka, mmoja akamwambia umesikia wewe? Naye akacheka, akanisogeza karibu yake. Kwa taarifa yenu baba mdogo ndiye aliyenisomesha mpaka kidato cha nne, na kiwanja cha marehemu alinikabidhi mwenyewe nilipooa.

Hilo la mwisho sikuwahi kuliunganisha. Umenipa cha kufikiri.

Mswahili wa Pasiansi:

Wakati mnaendelea kulia, mimi huwa sielewi majina yao. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi, sawa, jina zuri. Lakini ngiri wa watu kumwita Pumbaa! Na yule Rafiki anaimba "wewe nugu, mimi hapana", kisha anamfafanulia mwenzake kwa Kiingereza kwamba maana yake wewe ni nyani. Nyani mwenye mkia anamwita simba nyani. Sisi hapo tulikuwa tunaanguka kwenye benchi.

Na hakuna matata tumeanza kuisema sana sisi wa bara baada ya watalii kutusalimia nayo. Nyumbani kwetu ilikuwa hamna shida, basi.

Mpiga Kasia:

Usiwaonee. Hakuna matata ilikuwepo kwenye Jambo Bwana ya Them Mushrooms tangu 1982, kabla ya simba hao kuzaliwa.

Kwa faida ya wengine: kile kipande cha nyumbu bondeni ni dakika mbili na nusu hivi tu, na waliokitengeneza walikaa nacho zaidi ya miaka miwili, maana kila nyumbu kwenye kompyuta alitakiwa akimbie njia yake asigongane na mwenzake. Na wachoraji walikuja huku kwetu kutazama mandhari, walipita Hell's Gate pale Kenya. Mla Furu, Capri Point pole yako.

Ukitaka nyumbu wa kweli mchukue binti mkapande gari la Musoma. Geti la Ndabaka la Serengeti lipo hapo hapo barabarani.

Sangara Mkavu:

Serengeti kwa mshahara upi? Ampeleke kisiwani Saanane hapo hapo Mwanza akaone pimbi.

Mla Furu (siku nne baadaye):

Wakuu nimerudi. Wabeja sana kwa wote, hata aliyenicheka.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa Mwaloni. Mzee alikuwa anapepeta. Anachota dagaa kiganjani, anawapuliza, mchanga unaruka, anawatupia upande wa pili, macho yake kwenye mteja. Nikanunua kopo mbili ili nisiwe mzigo. Nikamwambia mzee, nilikuwa nakaa benchi la mbele bandani kwako, mtoto wa fulani. Akanitazama, akasema, "Ulikuwa unakuja na baba yako mdogo, yule mwenye baiskeli ya Phoenix." Sikutegemea.

Nikamuuliza ile ya simba. Anaikumbuka mpaka leo, akanitolea sauti ya fisi pale pale na mama wa meza ya jirani akamwambia mzee acha hizo. Basi nikamuuliza kile kipande cha bondeni, kwa nini maneno ya Scar hakuyatafsiri kama yalivyo.

Akasema, "Nyumbu? Pale nilikuwa nazima maiki nakunywa chai. Spika ilikuwa moja, nyumbu wakianza nani atanisikia? Nikimaliza chai nakuta mtoto anakimbia, nasema kimbia mwanangu."

Sangara Mkavu, chukua pointi zako.

Nilitaka niishie hapo. Lakini yeye akaniuliza, "Kwani yule alimwambia nini mtoto?" Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, taratibu, maneno yote, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatoa mdomoni. Mzee aliacha kupepeta. Akakaa na dagaa kiganjani muda mrefu, mpaka mteja mmoja akaondoka. Kisha akasema, "Hiyo hata ningeisikia nisingeisema." Akachota kopo la tatu akamimina kwenye mfuko wangu, nikitoa hela anausukuma mkono.

La senene sikumwambia. Nimemwambia mke wangu usiku huo.

Jumapili mchana nikatandika mkeka kama alivyosema Bibi wa Nansio. Mimi natafsiri, binti anamenya karanga. Sauti za fisi zilinishinda, akaniambia baba acha tu. Tulipofika bondeni nikajikuta nimenyamaza. Hakuwa analia, mimi ndiye niliyekuwa namwangalia yeye, samahani Bibi. Akanivuta shati: "Baba, anamwambia nini?"

Nikamwambia yote.

Akakunja uso akasema, "Muongo huyo! Si tumemwona mwenyewe ndiye aliyemsukuma?" Akarudi kwenye karanga zake.

Leo ametoka shule ananiambia hataki tena kuwa fisi, amewaambia wenzake watafute mwingine.