Friji ya Malindi

*Kikundi: Nyumba ya Bi Mkubwa, Amu (Lamu)*

Swaleh: Asalaam aleikum jamaa. Niko Malindi. Kuna Mtaliano anarudi kwao, auza vitu vya nyumba. Nimeona friji, ataka 11,000. Mpya kama hii dukani haipungui 30,000. Nimchukulie bibi?

Khaloo Zuhura: Waaleikum salaam. Chukua mwanangu! Kabla hajaja mwengine.

Ami Twalib: Zuhura, taratibu. Swaleh, umeikuta ikiwaka au imezimwa?

Swaleh: Imezimwa ami. Asema ni nzima.

Ami Twalib: Hakuna auzaye akasema ni mbovu. Mwambie aiwashe, wewe katafute chai, urudi baada ya saa moja. Sikiliza mota. Kisha tia noti ya mia mlangoni, funga, vuta. Ikitoka kwa urahisi, raba imekwisha.

Nuru: Na mia isiporudi? 😂

Ami Twalib: Raba mpya ni zaidi ya mia.

Swaleh: Plagi nayo ina meno matatu yamejipanga mstari mmoja.

Ami Twalib: Hiyo ni ya kwao, kata utie ya kwetu. Umeme wa Italia ni 230, na wetu 240, haina neno. Ya Marekani ndiyo ukimbie, ile ni ya 120, utaiunguza siku hiyo hiyo.

Mwanaisha: Bibi yuko hapa, auliza itafikaje Amu?

Swaleh: Basi mpaka Mokowe, halafu boti.

Nuru: Nimepiga hesabu. Basi 1,500, boti 1,000, kupakia na kushusha 600. Na kichochoro cha kwa bibi punda hapiti na friji, kwa hivyo hamali wanne, 300 kila mmoja. Hiyo ni 4,300. Friji yako ni ya 15,300, si 11,000.

Mwanaisha: Bibi acheka. Asema kabati la marehemu babu liliingilia dirishani, na mlango ukavunjwa vilevile.

Ami Twalib: Basi usimpe zaidi ya 8,000. Kwa 15,300 bila garantii, bora tuchange mpya.

Khaloo Zuhura: Swaleh, maadamu uko huko, pita kwenye mitumba uwatazamie watoto nguo za Idi. Sasa hivi, huu mwezi wa Shaaban. Ukingoja kumi la mwisho la Ramadhani utalia. Asubuhi beli, lile robota la mitumba, likifunguliwa, kamera zote, yaani zile nguo nzuri kabisa, huchukuliwa na wenye vibanda. Wewe nenda jioni, wakianza kukunja, ndipo fagia. Tazama kwapani na zipu. Viatu kunja soli, ikimeguka kama biskuti rudisha.

Mwanaisha: Bibi: kanzu ya Idi isiwe ya mtumba!

Khaloo Zuhura: Kanzu hatugusi, mama. Lakini msiidharau mitumba. Ile 2020 ilipozuiwa kuingia kwa ajili ya korona, Machi mpaka Agosti, nilikuwa na beli moja tu chini ya kitanda, kilo 45. Nikawa nauza shati mbili, tatu kwa siku, kama dawa. Wanangu walikula beli ile.

Nuru: Ndiyo maana hukubali tukae juu ya kile kitanda 😂

*(Saa mbili baadaye)*

Swaleh: Jamaa, mota haina kelele, barafu imeshika. Ila noti imetoka pembe ya chini. Nimemwonyesha. Akashuka 9,500, nikajifanya naondoka. 8,000.

Khaloo Zuhura: Mashallah!

Ami Twalib: Isilazwe kwenye basi. Wakiilaza, ikifika iacheni isimame mpaka kesho yake ndipo muiwashe, mafuta ya mota yapate kurudi chini.

Swaleh: Kondakta asema ikisimama ni 2,000.

Nuru: 12,800 basi.

Ami Twalib: Mpe.

Mwanaisha: Bibi auliza, ile mia ilirudi?

Swaleh: Ilirudi. Nimeinywea dafu.