"Kabila?" Swali hili bado linafanya nini kwenye fomu zetu?

Mleta mada (Igogo)

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nimeporwa simu pale stendi. Si habari, nani hajaporwa hapa Mwanza mjini. Nikaenda kituo fulani kuandikisha maelezo. Askari aliyenipokea hakuwa na neno, ananiita "kaka", anauliza taratibu huku anaandika. Jina. Umri. Kazi. Dini. Kabila.

Hapo kalamu ikasimama, inanisubiri.

Baba yangu Mjita, mama Mkerewe wa Nansio. Mimi nimekulia Igogo, kule juu kwenye mawe. Kijita nakisikia nusu, Kikerewe najua matusi na namna ya kumsalimia bibi, basi. Nikamwambia, "Andika Mtanzania." Akacheka. "Huo ni uraia, kaka. Mzee wako kabila gani?" Akaandika Mjita. Kwa hiyo kwenye jalada, aliyeibiwa simu ni Mjita. Mama hayumo.

Sasa nauliza. Sensa zetu hazijauliza kabila tangu ile ya 1967. Hata ya 2022, iliyotuhesabu tukafika 61,741,120, karani alikaa kwangu karibu saa nzima, akauliza maji, choo, paa, mpaka kuku. Kabila hakugusa, dini hakugusa. Ukienda polisi unaulizwa vyote viwili. Hati za mashtaka mahakamani nazo hivyohivyo. Na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kubaguliwa kwa kabila lake au pahala alipotokea. Kama kabila halitakiwi kubadilisha chochote, linaandikwa la nini?

Msimamo wangu: lifutwe. Kila tukiulizwa kinachotuunganisha tunajibu amani, upendo, umoja, maneno ya kwenye mabango ya Mwenge. Mimi naona taifa hili limejengwa zaidi na mambo tuliyokubaliana kutoyafanya. Mojawapo ni hilo: mtu mwenye mhuri hakuulizi kwenu wapi kabla ya kukuhudumia.

Nawasikiliza. Matusi hapana.

Mama Dagaa (Mwaloni)

Mwanangu, unakuza mambo. Mimi hapa Mwaloni naulizwa kabila kutwa, na mimi nauliza kutwa. Mteja akinikazia bei namwambia, "Mhaya gani wewe unalilia mia mbili?" Anacheka, anatoa hela, kesho anarudi. Ndiyo biashara. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara ya mizigo kwenda pwani. Msibani mtani anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wenyewe wanajikuta wanacheka. Ukilificha kabila huo utani utaupata wapi?

Mleta mada

Mama yangu, shikamoo. Huyo mteja ana mdomo wa kukujibu, na akichukia anahamia meza ya pili. Mimi yule askari nimtanie?

Dereva Sengerema

Mimi kinachoniunganisha na Watanzania wenzangu ni daraja la Kigongo–Busisi, hapa Ziwa Victoria. Kilomita 3, dakika chache umevuka. Kabla ya 2025 tulikuwa tunaota mizizi foleni ya kivuko. Mengine mtajadili nyie wasomi.

Mwalimu Mstaafu (Kisesa)

Vijana, umoja huu haukudondoka toka mbinguni. 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na hapa Usukumani watemi walikuwa watu wazito. 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Mimi mtoto wa Magu nilipangiwa kazi Songea. Nimeshuka kwenye basi na sanduku la bati, Kisukuma changu hakiwezi kuniombea hata chumvi. Mama mmoja wa Kingoni alinipa chumba, nikakaa miaka minne, mwanangu wa kwanza ana jina la marehemu mumewe. Hiyo ilikuwa nauli ya serikali, na nadhani ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote. Enzi hizo mtoto wa Geita anasoma bweni Iringa, wa Lindi anasoma Bukoba. Leo shule ya kata iko nyuma ya nyumba, jambo jema, ila mtoto anamaliza kidato cha nne hajawahi kula ugali na mtu wa mkoa mwingine. Tumeletewa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Silipingi. Lakini mtihani wa kuchagua a, b, c hauwezi kufanya kazi ya lile bweni. JKT nayo, yale mafunzo ya vijana ya Jeshi la Kujenga Taifa, ilisitishwa 1994, ikarudi 2013, na hawachukuliwi wote.

Ila kwenye kufuta, mleta mada, polepole. Hapa nilipo naiona Bujora, makumbusho yetu Wasukuma. Wajukuu zangu ukiwasalimia Kisukuma, "mwadila", wanakodoa macho. Ngoma za Bulabo, sikukuu yetu, wanaziangalia kama watalii, simu juu. Umoja tuliununua, na tulilipa kwa lugha za bibi zetu. Tukiondoa na jina la kabila kwenye karatasi, watajuaje kuwa kulikuwa na kitu?

Mleta mada

Mwalimu, heshima yako. Lakini fomu ya polisi ndiyo itahifadhi Kisukuma?

Mjaluo wa Rorya (visiwani, Ukerewe)

Naona mnazungumzia kabila kama vazi la sherehe. Kwangu si hivyo. Nikishasema Mjaluo, swali linalofuata nalijua: "Wa huku au wa Kenya?" Nimezaliwa Rorya, mkoa wa Mara mpakani na Kenya, baba kazaliwa Rorya. Nilipofuatilia kitambulisho, ofisi fulani ikataka mahali alipozaliwa babu. Mwenzangu wa mtumbwi mmoja, Mkara, tuliyekwenda naye siku hiyohiyo, hakuulizwa babu. Sikuchukia sana, najua mpaka wa nchi lazima ulindwe. Lakini mjue kuna watu ambao hilo neno moja kwenye fomu linawaongezea safari tatu za boti.

Na niseme hili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara nilikuwa ufukweni. Walikufa watu 228. Wavuvi waliingia majini na mitumbwi ya dagaa, taa bado zimefungwa. Mtu ukimvuta unamuuliza, "Uko na nani? Mtoto yuko wapi?" Basi.

Nyegezi Chuo

Huyo wa Rorya amemaliza. Niongeze majirani. Wabelgiji walianza kuandika Mhutu, Mtutsi, Mtwa kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda miaka ya 1930. Ilikuwa takwimu tu. 1994 kile kijineno kikawa hukumu kwenye vizuizi vya barabarani, na Mto Kagera ukaleta miili mpaka ziwa hilihili tunalovulia. Karatasi inaonekana haina madhara mpaka siku aingie mwenye nia mbaya.

Fundi Boti (Igombe)

Rwanda ilikuwa na mengi zaidi ya kitambulisho, tusirahisishe. Kenya wanauliza kabila kwenye sensa, wanatangaza na hesabu, na bado wanaoana. Halafu tusijidanganye. Lile jina la "Sukuma Gang" walilobandikwa watu wa Magufuli baada ya kifo chake Machi 2021, nani alilichukua kwenye fomu? Lilitoka vichwani mwetu. Na kila mtu humu atakuambia Wasukuma ndio wengi nchini. Nani kawahesabu tangu 1967? Tunajifanya hatuhesabu huku namba tunazo mfukoni. Mimi naona bora liulizwe wazi, lijibiwe wazi.

Mleta mada

Fundi, hapo umenibana, sina jibu zuri. Labda hili: kichwani mwa mtu siwezi kuingia, fomu naweza kuibadilisha. Nianze na ninachokiweza.

Leo nimerudi kituoni kufuatilia. Yule askari yupo. Nikamuuliza, afande, na wewe ukiibiwa unaandika kabila gani? Akaangalia mlangoni kwanza. "Baba Mnyaturu, mama Muha, nimezaliwa kota za polisi Tabora. Huwa naandika Mnyaturu. Singida kwenyewe nimefika mara mbili, zote msiba." Akageuza ukurasa, akamwita anayefuata. Nilikaa kidogo kwenye benchi nimsikilize. Jina. Umri. Kazi. Dini. Kabila.

Simu haijapatikana. Mama Dagaa, kesho napita, niwekee sado mbili zile zilizokauka vizuri.

Mama Dagaa (Mwaloni)

Mjita! Na ulivyokuwa unazunguka nilijua tu. Njoo na hela kamili.