Mume wangu na bendi iliyovunjika 1980: nimwelewe vipi?

Neema ya Jioni

Habari za humu wakuu. Mimi ni msomaji wa pembeni wa siku nyingi, leo imebidi nifungue uzi.

Mume wangu ni mtu mzuri. Hanywi, hachelewi kurudi, hana makuu. Ila ana bendi yake moja ya Uingereza inaitwa Gentle Giant. Msihangaike kukumbuka, hamuijui, na mimi nisingeijua kama nisingeolewa. Walitoa albamu kuanzia 1970 hadi 1980, wakatawanyika, na hawajarudi jukwaani kama bendi mpaka leo. Ndani kwetu lakini wapo, utadhani wapangaji.

Muziki wenyewe ni ule unaoitwa roki ya progresivu. Hauna pa kushika. Ukianza tu kutikisa kichwa wanabadilisha mapigo. Mara filimbi, mara fidla, mara wanaume wazima wanaimba kila mmoja na lake utasema wanagombana. Yeye kafumba macho, anatabasamu.

Yananiumiza kichwa mambo mawili. La kwanza, ananunua albamu ambazo anazo tayari. Octopus anayo ya santuri, anayo ya CD, na juzi imeingia nyingine. Nikimuuliza ananijibu "hii siyo ile". Sasa hivi anatamani boksi la diski 30, na ndani ni hao hao! La pili, mashabiki wa hii bendi wana mkutano wao, watu wanatoka nchi mbalimbali kukaa pamoja siku kadhaa kwa ajili ya bendi ambayo haipo. Anataka kwenda, na anataka twende wote.

Sina nia ya kumkataza. Nataka kuelewa tu, mtu anadumuje na kitu ambacho dunia haina habari nacho? Na huko mkutanoni mimi nitaongea nini na watu hao? Nipeni mawazo, matusi hapana.

Kauzu Mstaafu

Mume hanywi, anarudi mapema, kosa lake filimbi? Dada funga uzi ukampikie.

Dogo Spika

Hiyo bendi ina wimbo gani uliowahi kuvuma tuusikilize kwanza kabla ya kushauri?

Mzee wa Santuri

Dogo, umeuliza swali zuri bila kujua. Hauna. Na hapo ndipo pa kuanzia kumwelewa shemeji yetu.

Kiini cha bendi ni ndugu watatu, Phil, Derek na Ray Shulman, familia ya Portsmouth, baba yao alikuwa mpiga jazi. Kabla ya Gentle Giant walikuwa na kundi la pop, Simon Dupree and the Big Sound, na mwaka 1967 wimbo wao wa Kites uliingia kumi bora Uingereza. Kuna kipindi kinanda chao alikishika kijana mmoja asiyejulikana, Reginald Dwight. Huyo ndiye Elton John wa baadaye. Kwa hiyo hawa si watu waliokosa njia ya umaarufu. Waliiona, wakaichoka, wakaiacha. Wakamchukua Kerry Minnear aliyetoka kusomea utunzi Royal Academy of Music, na Gary Green, mpiga gitaa wa bluzi, wakaanza upya.

Albamu ya pili, 1971, iliandikwa kwenye jalada kwamba lengo lao ni kuusukuma muziki mbele hata kama itawafanya wachukiwe na wengi. Wengine huandika hivyo kwa mbwembwe. Hawa ikawatokea kweli: 1972 walizunguka Marekani wakiwafungulia Black Sabbath, hebu fikiria umati uliokuja kusikia gitaa zito unaletewa selo na filimbi. Walizomewa. Albamu iliyowapandisha juu kabisa kwenye chati za Marekani ni Free Hand ya 1975, nayo iliishia kwenye hamsini bora tu.

Sasa shabiki wa bendi kubwa anapenda pamoja na wenzake milioni, hata akiondoka leo pengo halionekani. Wa bendi kama hii anajua fika kwamba akiiacha yeye, imepungukiwa. Ndiyo maana haachi. Hayo ni maoni yangu, sijayasoma popote.

Fundi Besi

Mzee kagusa historia, mimi niseme upande wa ufundi maana napiga besi.

Dada, hiyo ya "wanaimba kila mmoja na lake" sikio lako liko sawa kabisa. Ndivyo ulivyotungwa. Tafuta On Reflection iliyomo Free Hand. Sauti ya kwanza inaanza peke yake. Inaingia ya pili na mstari wake, ya tatu na wake, ya nne na wake, na hakuna anayemsindikiza mwenzake, wote ni viongozi. Ni mbinu ya kanisani ya karne nyingi nyuma, wao wakaibebesha ngoma na besi. Knots ya kwenye Octopus ni ngumu zaidi, maneno yenyewe yanatokana na kitabu cha daktari wa akili R. D. Laing kuhusu watu wanavyojifunga mafundo wakiwa katika mahusiano, na sauti nazo zinafungana hivyo hivyo.

Ukisikiliza mara ya kwanza unasikia vurugu. Siku nyingine unaishika sauti ya chini tu unaifuata mpaka mwisho, ukaona kumbe ulikuwa wimbo mzima umejificha pale. Ukirudi unafuata kinanda. Wimbo wa dakika tano unaweza kuusikiliza kwa njia nyingi na kila njia ina kitu. Wimbo wa kucheza ukishaujua umeujua. Mumeo hajamaliza, ndiyo maana bado yumo.

Tena usisahau walikuwa wanayapiga haya jukwaani, wakibadilishana vyombo katikati ya onyesho. Ray peke yake besi, fidla, gitaa na filimbi. Kuna mahali wote wanakwenda kwenye ngoma. Mwombe akuoneshe video za miaka ile. Kwa mtu asiyewajua, kuona ni rahisi kuliko kusikia.

Nyundo ya Ukweli

Mnampamba mtu mwenye ugonjwa wa kukusanya. Albamu ileile mara tatu si muziki tena hapo. Dada kaa chini na mwenzio mzungumzie bajeti, hizo habari za sauti nne ni chai.

Fundi Besi

Bajeti wazungumze, sina ubishi. Lakini "hii siyo ile" ni kweli, siyo kisingizio. Kila chombo kilirekodiwa kwenye njia yake ndani ya mkanda mkubwa. Steven Wilson, mwanamuziki wa bendi ya Porcupine Tree, alipewa mikanda hiyo akazichanganya upya sauti zote toka mwanzo: The Power and the Glory ikatoka 2014, Octopus 2015. Vitu vilivyokuwa vimefukiwa chini vikasikika. Na si albamu zote zinawezekana maana baadhi ya mikanda imepotea. Katika zile tatu za mwanzo zilipatikana nyimbo kadhaa tu, akazikusanya 2017 kwa jina la Three Piece Suite. Sasa mtu aliyefuata sauti ya chini maisha yake yote, ukimwambia leo inasikika vizuri zaidi, unategemea asinunue?

Boksi la diski 30 ni jambo lingine. Lile lilitoka 2019 na limejaa maonyesho ya jukwaani, nyimbo zilezile zikirudi usiku hadi usiku. Hata mimi hapo namwambia shemeji apumue kwanza.

Nyundo ya Ukweli

Angalau hapo umesema.

Mama Kinanda

Dada Neema, mimi ndiye huyo mume kwenye nyumba yangu, kwa hiyo nakujibu kutokea upande wa mshtakiwa 😂

Mkutano huo unaitwa GORGG, na hizo herufi O na R ni On Reflection, wimbo uleule aliousema Fundi. Usidhani watu wanakaa kulia bendi iliyokufa. Wanakuja na vyombo vyao, wengi ni wapigaji wa nyumbani, wanazijaribu hizi nyimbo mbele ya wenzao wanaojua kila noti, wakikosea ukumbi mzima unacheka. Waliokuwa kwenye bendi nao wamewahi kufika. Nenda. Utakaa na wenza wengine walioletwa kama wewe, na hao mna la kuongea siku nzima.

Kuhusu kudumu kwa kitu ambacho dunia haikijui, hapo nikupinge kidogo. Derek alipoacha kuimba akawa bosi kwenye kampuni za rekodi, ndiye aliyezisainisha bendi za roki Bon Jovi, na baadaye Dream Theater. Ray akawa mtayarishaji, alifanya kazi na The Sugarcubes, kundi la mwimbaji Björk kabla hajaimba peke yake. Na mwaka 2023 rapa Travis Scott alifungua albamu yake ya Utopia kwa kipande cha Proclamation, wimbo wao wa 1974. Vijana wakaanza kuulizana wale wazee ni akina nani. Dogo Spika, bila shaka umeshawasikia bila kujua.

Ila mwaka huohuo, mwezi Machi, Ray alifariki. Sisi tuliokuwa tukitania "labda watarudi" tuliacha utani huo. Kama siku zile mumeo alikuwa kimya bila sababu, basi sababu ni hiyo.

Dogo Spika

Aisee ile HYAENA ya kufungulia Utopia ndio hao?? Nilijua wameitengeneza na kompyuta.

Neema ya Jioni

Asanteni sana wakuu. Fundi, nimecheka hapo pa "apumue kwanza", nitamsomea. Mama Kinanda, kile kipindi nakikumbuka na nilidhani ni mambo ya kazini. Mkutanoni nimekubali twende.

Swali la mwisho. Nataka siku moja nimwambie weka albamu fulani, niitaje mwenyewe. Ipi ambayo haitanitoa mbio?

Mzee wa Santuri

Three Friends, 1972. Ina hadithi, marafiki watatu wa shule maisha yanawatenganisha, mmoja mfanyakazi wa mikono, mmoja msanii, mmoja wa ofisini. Hata muziki ukikushinda una hadithi ya kushikilia.

Fundi Besi

Free Hand. Iko changamfu kuliko zote.

Kauzu Mstaafu

Nimepitia orodha yao huko, kuna moja inaitwa Giant for a Day! ya 1978, jalada lake ni kinyago cha kukata na mkasi ukavaa. Mwambie aweke hiyo.

Mama Kinanda

Kauzu usimharibie mwenzio ndoa. Hiyo ndiyo waliyojaribu kuwa bendi ya kawaida, na mashabiki hawajawasamehe mpaka leo. Dada, chukua Free Hand, mwombe mumeo akae kimya mpaka On Reflection iishe. Akiweza kukaa kimya, nijulishe, maana wangu ameniambia mimi sijawahi.