Beringi mpya kwenye vikombe chakavu! Mafundi, mtatuua

Wakuu, mtaniwia radhi. Naandika hapa nikiwa na grisi hadi kwenye viwiko na hasira hadi utosini.

Gari ni Hilux 4x4 ya mwaka 1993, mzee wa kazi. Ilianza na mvumo mdogo mbele. Ukifika spidi 60 unasikia vuuu, ukiachia mafuta hauondoki. Nikikata kona ya kushoto unapanda, maana uzito unaegemea kulia. Nikikata kulia unafifia. Mwenye pikapu kuukuu yeyote hapa ameshajua: beringi ya mbele kulia. Fundi wangu akasema ni tairi. Nikabadilisha tairi. Mvumo ukabaki vilevile, ila sasa ukiwa na tairi mpya.

Nikarudi. Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa mara moja. "Kweli bosi, inacheza." Hakuita hata mtu akanyage breki, kipimo ambacho hakimalizi dakika: breki ikikanyagwa na mchezo ukapotea, beringi imelegea au imekufa, ukiendelea kucheza, kamulike boli jointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshikilia mguu wa tairi. Nilinyamaza. Yeye ndiye fundi.

Kazi ilimchukua dakika arobaini. Nilimsifia kwa wepesi wake, mjinga mimi. Akanionyesha maboksi, "ili bosi ujue tumeweka mpya", akayasukumia chini ya kiti cha abiria, nikaondoka nikipiga mluzi.

Wiki ya tatu mvumo ukarudi. "Bosi, siku hizi feki zimejaa." Nikanunua seti nyingine, safari hii akashauri tufanye na kushoto kabisa. Sawa. Maboksi mengine chini ya kiti. Baada ya hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi: mwendo mfupi tu, kitovu cha tairi la kulia kimechemka huwezi kuweka kiganja, na grisi imetapakaa hadi kwenye diski. Nikampigia. Jibu lake, namnukuu neno kwa neno: "Beringi mpya lazima ichemke kidogo, itazoea."

Itazoea! Beringi ni kiatu?

Jana nikafungua mwenyewe. Kwa wasiozijua hizi gari: ukishatoa ile frii habu, kifuniko cha katikati ya tairi kinachounganisha na kuachanisha 4x4, unakutana na nati mbili pana za milimita 54, moja ya kurekebisha, nyingine ya kufungia, na katikati yake washa ya bati ambayo inakunjwa ili nati zisijizungushe. Nati zangu zote mbili zimeliwa pembe kwa tindo. Yaani mtu kakaza beringi kwa tindo na nyundo, kwa kukisia. Washa ipo, lakini haijakunjwa hata upande mmoja. Imelala tambarare kama sahani. Kilichokuwa kinalishikilia tairi langu barabarani ni rehema za Mungu.

Nikavuta habu, yaani hicho kitovu chenyewe cha tairi. Beringi ya nje mpya, inang'aa. Ya ndani nayo mpya, ila roli zake, vile vyuma vidogo vinavyobingirika, zimeanza kugeuka rangi ya bluu kwa moto. Nikafuta grisi, nikamulika ndani ya habu. Vikombe, zile pete za chuma ambazo roli zinatembea juu yake, ni vya zamani! Vina mashimo ya kutu, vina mistari iliyojichimba iliyopangana kama meno ya kitana. Kidole tu kinakwama.

Nikaenda chini ya kiti. Nikafungua maboksi ya seti ya kwanza. Kikombe kipya, kimo ndani ya karatasi yake ya mafuta. Boksi la pili, hivyohivyo. Seti ya pili ya kulia, hivyohivyo. Nimenunua vikombe vinne vya upande mmoja na vyote nimekuwa nikivipa lifti chini ya kiti.

Sasa mniambie, hili ni suala la kutojua? Hapana. Beringi za aina hii ni koni (kile kipande chenye roli) na kikombe, zinauzwa pamoja kwa sababu zinafanya kazi pamoja. Roli mpya ukiitembeza juu ya uso uliochimbika, inachimbika nayo. Fundi anajua. Ila koni unaiingiza kwa vidole, wakati kikombe kinakaa kwa kubana, lazima ukipige kutoka upande wa pili wa habu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kisije kikaenda mshazari. Inatoa jasho. Kwa hiyo jamaa alifanya sehemu isiyo na jasho akanilipisha kazi nzima. Mara mbili.

Na mimi si fundi, nasema wazi, nimefanya leo kwa mara ya kwanza maishani. Kalipa, kile kibanio cha breki, nimeifunga kwa waya kwenye chasisi, si kuining'iniza kwa mpira wa breki kama alivyofanya yeye mbele ya macho yangu. Vikombe vya zamani nimevitoa kwa fimbo ya shaba. Vipya nililaza kwenye friza usiku kucha visinyae kidogo, nikavipiga nikitumia kikombe cha zamani kama kizibo (kipunguze kwanza kwa tupa nje, la sivyo nacho kitang'ang'ania humohumo). Kikifika mwisho mlio wa nyundo unabadilika, unakuwa mzito, na mkono unasikia. Hapo unaacha.

Habu niliosha kwa mafuta ya taa nikaikausha kabisa. Humo ndani kulikuwa na grisi za rangi mbili zimechanganyika zikawa uji. Grisi mpya ya kuhimili joto unaijaza kwenye kiganja, unaisukumiza beringi kwa ule upande mpana mpaka itokeze juu kati ya roli, mzunguko mzima. Kuipaka juujuu kama losheni si kujaza. Sili ya nyuma, ule mpira unaozuia grisi isitoke, mpya pia. Ile aliyoirudisha ilikuwa imechanika mdomo, ndiyo maana diski ilikuwa inapakwa grisi, na diski yenye grisi haisimamishi gari.

Kukaza ndiko nilikoogopa zaidi. Kitabu cha gari yangu kinataka nati ya kwanza ikazwe kwa 59 Nm, uzungushe habu huku na huku roli zikae, ulegeze mpaka nati izunguke kwa mkono, ndipo ukaze tena kidogo sana. Gari yako ina namba zake, kasome. Ukikaza sana inaungua, ukilegeza sana inapigapiga mpaka ijichimbe. Niliazima toki renchi, ile spana inayopima nguvu, nikavuta na mzani wa ndoana kwenye bolti ya tairi kuhakikisha habu haigandi wala haichezi. Kisha nati ya pili, kisha nikakunja washa pande zote mbili. Kukunja washa kulichukua sekunde kumi. Sekunde kumi, mkuu!

Imenichukua siku nzima, sawa. Nimetoka nayo jioni, spidi 60, 80, kona ya kushoto. Kimya. Nikashuka nikashika kitovu cha tairi, vuguvugu tu.

Najua kuna watakaosema kosa ni langu, ningesimama pale nimwangalie. Nilisimama! Nilikuwa nimeshika tochi! Nilichokuwa sijui ni kwamba nahesabu vipande vinavyoingia bila kuhesabu vinavyotoka. Safari ijayo kikombe cha zamani nakitaka mkononi kabla habu haijarudi kwenye gari, la sivyo jeki haishuki.

Nimempigia tena leo. Kasema nimemkosea heshima kumfungulia kazi yake. Sikuwa na la kujibu, nikakata simu.

Kushoto bado sijafungua. Ila maboksi yake nimeyatikisa moja moja, na yote mawili yanagonga ndani.