The Sims 4 Get to Work: daktari anakosea ugonjwa kila siku, duka nalo linakula hasara. Shida iko wapi?

Nyundo_Laini

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua vizuri Get to Work, nyongeza ya gemu la The Sims 4 inayoleta kazi za daktari, mpelelezi na mwanasayansi, pamoja na maduka. Natumia PC, gemu la msingi ni lile lililofanywa la bure tangu Oktoba 2022, na nyongeza niliyonayo ni hiyo moja tu.

Hali ya sasa: Sim mmoja (mhusika ninayemwendesha) ni daktari leveli ya 3. Kila akitangaza ugonjwa, nusu ya mara ni makosa na mstari wa utendaji unashuka. Sim wa pili ana duka Magnolia Promenade, mtaa wa maduka wa gemu: taa ndogo, vyungu vya maua, vipambo vya mezani, mfanyakazi mmoja. Wateja wapo, wananunua, ila ripoti ya kufunga duka inatoka hasi.

Maswali: (1) vipimo vya hospitali vina mpangilio? (2) kati ya kazi ya mpelelezi na ya mwanasayansi ipi ina faida zaidi kwa familia? (3) duka linarekebishwaje? Sitaki chiti (msimbo wa kudanganya gemu) ya pesa, motherlode naijua.

---

MwalimuSim

Mkuu, nianze na hospitali kwa sababu hapo ndipo wengi wanabahatisha wakidhani gemu linawaonea.

Magonjwa tofauti yanaweza kuwa na dalili zilezile. Dalili moja peke yake haikuambii kama ni Llama Flu au Sweaty Shivers, ambayo ni magonjwa ya kubuni ya gemu. Kila kipimo kinachorudi na dalili kinapunguza orodha ya magonjwa yanayowezekana, na kingine kinaweza kurudi bila kitu. Kitufe cha kutangaza ugonjwa kinafunguka kabla orodha haijabaki na jina moja, na huo ndio mtego. Ukibonyeza wakati majina yamebaki mawili au matatu, unacheza kamari. Ukisubiri hadi libaki moja, huwezi kukosea.

Mpangilio unaookoa muda:

Mpeleke mgonjwa kitandani kwanza, kisha maliza vyote vinavyofanyika hapo hapo bila yeye kusogea: joto, macho, masikio na kadhalika. Halafu chukua sampuli. Sampuli inaingia kwenye mkoba wa Sim wako, na haina kazi yoyote mpaka uipeleke kwenye mashine ya uchambuzi. Hapa watu husahau kabisa, wanarudi kitandani wakishangaa kwa nini orodha haijapungua. Eksirei na mashine ya kukimbia viache mwisho, maana mgonjwa lazima atembee kwenda na kurudi, na katika kutembea huko ndipo anapopotelea chooni au anaanza soga na mgonjwa mwenzake. Isitoshe vipimo hivyo hufunguka kadiri unavyopanda leveli, kwa hiyo leveli ya 3 usitegemee kuwa na kila kitu. Kwa wagonjwa wengine itabidi ukubali kuchukua muda mrefu zaidi.

Usiwapokee wagonjwa watatu kwa mpigo. Mmoja hadi mwisho, kisha mwingine. Anayengoja sana hali yake inashuka, na ukimuacha katikati unapoteza dakika nyingi kurudi kwake.

Na mtume kazini akiwa ameshiba, amelala na ameoga. Zamu ni ndefu, na Sim mwenye njaa atakatisha kipimo ili akatafute chakula.

---

pikseli_kavu

Kwa swali la pili: mwanasayansi, bila ubishi. Upelelezi ni mtamu kuucheza ila nyumbani hauleti kitu zaidi ya mshahara. Mwanasayansi analeta vifaa.

Kazi yenyewe inaendeshwa na "ufunuo". Sim anafikiri, anachambua mimea na fuwele, anafanya majaribio ya kemikali, na mara kwa mara anapata wazo linalofungua uvumbuzi mpya au dawa mpya. Ukikwama bila ufunuo, badilisha shughuli badala ya kurudia ileile. Vifaa vinajengwa kwenye mashine kubwa ya uvumbuzi, na vinakula metali na fuwele. Basi kabla hujaanza kazi hii zunguka mitaani ukachimbe mawe. Mwanasayansi asiye na akiba ya metali atafika maabara asubuhi na kukaa bure hadi jioni.

Vitatu vya kulenga: SimRay (bunduki ya miale), mashine ya kutengeneza nakala, na ile ya kufungua njia ya kwenda Sixam. SimRay inagandisha watu, na ikiboreshwa inageuza kitu kuwa kitu kingine na hata kuwaamrisha watu. Mashine ya nakala inakupa pacha wa fuwele adimu, ambaye unaweza kumuuza. Sixam ni sayari ya viumbe wa anga za mbali iliyofichwa, huioni kwenye ramani. Mashine ya njia ikishajengwa haitoshi, lazima uiboreshe kwanza ndipo usafiri ufunguke. Ukifika huko okota kila kitu unachoona, mimea, mawe, vyote.

Dawa za maabara zina hatari moja. Ya majaribio inaweza kuwa imeharibika, na huwezi kujua mpaka mtu ainywe. Mpe mwenzako wa kazini kabla hujainywa mwenyewe siku unayotaka kupandishwa cheo 😄

---

Kasha

Naomba kupinga kidogo hapo kwa mpelelezi. Ni kazi pekee kati ya hizi tatu ambayo unaweza kuiendesha kwa utulivu, kwa sababu kesi haifi zamu inapoisha. Unaendelea nayo kesho. Daktari asipomaliza kumtibu mgonjwa ndani ya zamu, kazi hiyo imepotea.

Kinachowaangusha watu ni haraka ya kukamata. Njia iko hivi: kwenye eneo la tukio piga picha zote, okota kila ushahidi, chukua alama za vidole, hoji mashahidi wote. Usiondoke ukiwa umeacha hata kitu kimoja, maana kila kimoja kinaweza kutoa kidokezo kuhusu mshukiwa. Rudi kituoni, sampuli kwenye mashine, data kwenye kompyuta, kila kidokezo kipya kiunganishwe kwenye ramani ya kesi. Gemu litakuruhusu kutoa tangazo la kumsaka ukiwa na vidokezo vichache tu. Usitoe! Ukiwa na "nywele nyeusi" na "amevaa suruali" utakuta watu wanne barabarani wanaofanana hivyo, na kumkamata asiye mhalifu kunakupunguzia utendaji.

Kwenye mahojiano usitumie vitisho mwanzo mwisho. Changanya upole, ukali, na kumuonyesha ushahidi, ukiangalia mstari unavyoitikia. Njia ikiacha kusogeza mstari, hamia nyingine.

---

BiKeki

Wanangu mmeacha duka, na ndilo linalomtia hasara. Nyundo_Laini, shida yako ni bidhaa, si wateja.

Kitu cha katalogi unachokiweka rafuni umekinunua kwa bei kamili, na kikiuzwa, kukijaza tena kunagharimu bei ileile. Faida yako ni ile nyongeza ya bei tu uliyoweka juu. Sasa fanya hesabu. Tuseme nyongeza ni asilimia 20. Taa ya Simoleon 60 (pesa za gemu) inakuachia 12. Sofa ya Simoleon 1,500 inakuachia 300. Na muda wa kumshawishi mteja wa taa na mteja wa sofa unakaribiana! Mnazungumza yaleyale, mstari wake wa hamu ya kununua unajaa vilevile, unampokea pesa vilevile. Mshahara wa mfanyakazi ni wa kila saa, haujali umeuza nini. Kwa hiyo ukiuza taa ishirini kwa siku bado huenda zisimlipe huyo mmoja uliye naye.

Ondoa vipambo vyote. Weka vitu vichache vya bei kubwa, kumi vinatosha kuanza, na acha nafasi ya watu kupita. Mteja asiyefikia kitu hakinunui, naye atasimama mlangoni akilalamika.

Halafu ipo njia bora kuliko hiyo: vitu vya kutengeneza. Picha ya kuchora, picha ya kamera, keki. Gharama ni viungo au turubai tu, kinachobaki karibu chote ni chako. Ubaya wake ni kwamba havijazwi tena kwa kitufe. Kikiisha, kimeisha, mpaka utengeneze kingine. Ukiamua kuoka, ujuzi wa kuoka una leveli 10 na ubora wa keki unapanda nao, na bei pia. Ila keki iliyowekwa kwenye meza ya kawaida inaharibika, na iliyooza hainunuliwi. Tumia kabati la kuonyeshea lenye ubaridi, lipo kwenye hiyo hiyo Get to Work. Kabati kwanza, tanuri la gharama baadaye.

---

Nyundo_Laini

Asante BiKeki, hapo kwenye nyongeza ya bei sasa nimeelewa. Naweza basi kupandisha asilimia hadi juu kabisa nikabaki na vitu vilevile? Na mfanyakazi, nimfukuze?

---

BiKeki

Hapana kwa la kwanza. Bei ikipanda sana, mstari wa mteja unajaa polepole, na unarudi palepale: muda mwingi kwa mauzo machache. Anza na nyongeza ya kati. Ukiona wateja wanaondoka na mistari iliyofika nusu, shusha kidogo. Ukiona wanajaa upesi kabla hata hujawasemesha, pandisha.

Kuhusu mfanyakazi, siku za mwanzo unaweza kufanya peke yako, ndiyo. Duka lako ni dogo. Mchukue tena ukiwa na wateja wanaosubiri kulipa hadi wanaondoka. Na ukimchukua, mpangie kazi moja, usimwachie ajiamulie, atafagia sakafu safi huku foleni ikikua. Kazi inayomfaa ni kupokea malipo au kujaza rafu. Kushawishi fanya wewe mwenye duka. Akipanda ujuzi atataka mshahara wa ngazi yake, ukimbania hali yake inaharibika na kazi inazorota.

Pointi za duka unazopata kwa kuuza, zitumie kwanza kwenye malipo ya haraka na kujaza rafu kwa haraka. Nafasi za wafanyakazi wa ziada zisubiri, huwezi kuwalipa bado.

Usisahau pia kwamba duka lina mfuko wake tofauti na wa nyumbani. Mfuko wa duka ukikauka hutajaza rafu hata kama nyumbani kuna Simoleon 40,000. Hamisha kiasi kabla ya kufungua. Na duka linafanya kazi ukiwepo tu, ukiondoka linafungwa, kwa hiyo usimlipe mtu kwa saa mbili za mwisho zisizo na wateja. Funga mapema, nenda kachore.

---

pikseli_kavu

Nyongeza ndogo hapo: vitu vya kwenye mkoba vinauzika dukani pia. Fuwele za mashine ya nakala, mawe ya Sixam. Ndiyo maana nilisema mwanasayansi. Familia yenye mwanasayansi mmoja na mwenye duka mmoja haihitaji katalogi kabisa.

---

MwalimuSim

Niongeze upande wa ufundi, maana hospitali ina ugonjwa wake mwenyewe: foleni inaganda. Mgonjwa anasimama kaunta hasogei, au kitanda kinaonekana kina mtu na hakina.

Kwanza, bonyeza Ctrl+Shift+C, andika testingcheats true, kisha shikilia Shift na ubonyeze Sim aliyeganda au hicho kitanda, chagua kukirejesha upya. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, toka kwenye gemu bila kuhifadhi, nenda kwenye Documents, Electronic Arts, The Sims 4, futa faili liitwalo localthumbcache.package. Gemu litalitengeneza tena lenyewe, halina uhusiano na hifadhi yako. Hata hivyo nakili folda ya saves pembeni kwanza.

Kama una modi (faili za wachezaji zinazobadilisha gemu), toa folda ya Mods yote uweke kwenye desktopu, ujaribu zamu moja. Zamu ikienda vizuri, mkosaji yumo humo. Rudisha nusu, jaribu, kisha nusu ya nusu, hadi umpate. Modi zinazogusa kazi huvunjika baada ya sasisho la gemu, hasa zile zinazobadilisha vipimo au saa za zamu.

Sababu nyingine ya foleni kuganda ni jengo. Hospitali ya mwanzo ina vyumba vilivyo mbali na kaunta, na hilo linakula dakika kwa kila mgonjwa. Ukiwa kazini fungua kisanduku cha chiti, andika bb.enablefreebuild, na utaweza kuingia hali ya ujenzi hata hapo. Sogeza vitanda na mashine ya uchambuzi karibu na kaunta, panua milango. Usifute kifaa chochote cha kazi, hata kama huoni kazi yake leo, kwa sababu jukumu likija linalokihitaji halitakamilika. Ukitaka kuongeza mashine ya pili ya uchambuzi na huioni kwenye katalogi, andika bb.showhiddenobjects kisha itafute upya. Chiti hiyo hiyo ya ujenzi inafanya kazi kituo cha polisi na maabarani.

---

Kasha

Kwa kituo cha polisi, kitu cha kwanza kusogeza ni mashine ya sampuli iwe chumba kimoja na kompyuta na ramani ya kesi. Chumba cha mahojiano kiache kilivyo.